Kipa Aliyenusa Midomo ya Wachimbaji

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, kabla mpira haujawekwa katikati ya uwanja wa Mwasenda, wanaume ishirini na wawili walijipanga mistari miwili wakafunua midomo. Hakuwepo daktari wa meno. Aliyepita mbele yao alikuwa mwanamke mrefu mwenye viganja vipana, kanga kiunoni na raba miguuni, ambaye alimsogelea kila mmoja na kumwambia, "Pumua, baba." Kijana alipumua, mama akanusa, akahamia kwa mwingine. Aliyenuka gongo au bangi alikwenda kukaa nyasini na watazamaji, na timu yake ilicheza pungufu, kwa sababu sheria ya Kombe la Pumzi haikumruhusu mchezaji wa akiba kushika nafasi ya mlevi.

Jina lake Asteria Nkwabi. Vijana walimwita Mama Pua, naye hakuchukia. Watu wazima walimwita Komeo, jina alilolipata enzi zake za ukipa katika timu ya wanawake ya mkoa wa Shinyanga, kwa kuwa akishasimama golini mlango umefungwa. Alizaliwa Kishapu, kwenye nchi ya pamba na vumbi la ng'ombe, akajifunza kudaka kwa kurushiwa matikiti na mdogo wake Enock wakati wa mavuno. Tikiti likianguka walichapwa wote wawili, kwa hiyo alijifunza upesi. Wapo wazee Shinyanga mjini ambao hadi leo ukiwanunulia kahawa watakusimulia siku alipookoa penalti mbili ugenini Mwanza. Kila mwaka penalti hizo zinazaliana, na sasa zimefika nne.

Mwasenda ni machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita. Hakuna aliyekaa akapanga pawe mji. Mtu mmoja alipata jiwe lenye kumetameta, wa pili akaja kuangalia, wa tatu akaja na turubai, na baada ya mwaka kukawa na vinyozi, makanisa matatu, msikiti mmoja, karasha zinazosaga mawe kutwa nzima na vilabu vya pombe visivyo na idadi. Asteria alifika huko akimfuata Enock, aliyetangulia kuchimba, akafungua banda la chai na maharage karibu na maduara, yaani yale mashimo marefu ambayo wachimbaji hushuka kwa kamba.

Asubuhi moja Enock alikuja na wenzake watatu kunywa chai kabla ya zamu. Alipoinama kumwamkia dada yake, gongo lilitangulia kabla ya shikamoo. Asteria alinusa vizuri kabisa. Lakini amwambie nini mbele ya wenzake? Mwanamume mwenye mke na watoto hakemewi na dada yake mbele ya watu anaoshikana nao kamba moja. Basi alimwongezea chai, akijidanganya kwamba chai ingekata pombe. Haikupita saa moja, Enock aliachia kamba akiwa katikati ya duara. Walimrudisha Kishapu, wakamzika karibu na baba yao, na msibani kila mtu alisema ni ajali ya kazi. Asteria naye alisema ni ajali ya kazi.

Ilimchukua miaka minne kuweza kusema zaidi ya hapo. Katika miaka hiyo Mwasenda ilipata semina za kutosha. Watu walikuja na spika, wakaeleza madhara ya pombe na dawa za kulevya kwa vijana, wakagawa fulana, wakapiga picha, wakaondoka kabla jua halijawa kali. Zile fulana zilidumu wiki mbili, kisha zikawa matambara ya kufutia pikipiki. Asteria aliziona, akasema moyoni kwamba kijana wa machimbo haogopi kufa. Angeogopa kufa asingeshuka chini. Kitu anachokiogopa ni kuwaangusha wenzake uwanjani mbele ya watu.

Ndipo akaanzisha kombe lake, zawadi ikiwa beberu mmoja mnene. Siku ya ufunguzi wa kila msimu alisimama katikati ya uwanja akatoa hotuba ile ile.

"Mdogo wangu nilimnusa nikanyamaza," alisema. "Ninyi nitawanusa, na nitasema."

Semina nzima ilikuwa hiyo. Na ilifanya kazi, wasiotaka wakanune. Ijumaa jioni manahodha walizunguka vilabuni kuwakusanya wachezaji wao kama wachungaji wanaorudisha ndama zizini. Timu moja ilifikia kumfungia beki wake chumbani na sahani ya ugali. Nahodha aliyejulikana zaidi kwa ukali alikuwa Benedict, mshambuliaji wa timu ya Karasha, kijana wa watu wa Ushirombo aliyelelewa kanisani na kufundishwa adabu. Asteria alimpenda Benedict waziwazi. Wengine wakinung'unika, aliwaambia, "Mwangalieni huyu. Huyu ndiye mchezaji."

Mambo yaliharibika mwaka jana, wakati wa kiangazi, na yaliharibikia jikoni. Asteria alikuwa ametoka kuugua mafua makali yaliyomlaza siku tisa. Aliporudi bandani alisimama juu ya sufuria la maharage, mwiko mkononi, akiwaza yake. Binti yake Loveness, aliyekuwa nje akiosha vikombe, akaingia mbio.

"Mama, maharage yanaungua na wewe umesimama hapo hapo?"

Asteria akaangalia. Moshi ulikuwa unapanda usoni kwake na yeye hakusikia harufu yoyote. Alinusa kitunguu, hakuna. Akanusa mafuta ya taa, hakuna. Walipanda basi hadi Kolandoto, kwenye hospitali ambayo ukoo wao umeiamini tangu enzi za bibi, na daktari akamweleza kwa upole kwamba mafua ya namna ile huweza kuondoka na harufu. Huenda ingerudi, huenda isirudi. Asubiri. Asteria alisubiri, na Loveness akachukua usimamizi wa sufuria.

Jumamosi ya kwanza bila pua, Asteria alitaka kusingizia kwamba anaumwa. Akafikiri, nisipokwenda leo watalewa wiki ijayo. Akaenda. Alipita mstari mzima akivuta hewa tupu, mpaka akafika kwa beki mmoja ambaye shingo yake ilikuwa ngumu na macho yanakimbia. Akasimama mbele yake, akamkazia macho. Kijana akavumilia kidogo, kisha akashindwa.

"Mama, ilikuwa kidogo tu. Jana usiku."

Hapo Asteria akakumbuka kazi yake ya zamani. Mpiga penalti anaweza kukudanganya kwa miguu, anaweza kukudanganya kwa mabega, lakini kabla ya kupiga macho yake hukimbilia mahali anapopaogopa. Kipa mzuri hadaki mpira, anadaka ile hofu. Tangu siku hiyo alimwinamia kila mchezaji kama kawaida, akavuta hewa kama kawaida, na kumbe alikuwa anasoma macho. Wiki baada ya wiki walijitoa wenyewe. Msimu ukaisha, beberu akaliwa, na hakuna aliyejua isipokuwa Loveness. Asteria alianza hata kujivuna kimoyomoyo. Aliona amepata kitu bora kuliko pua.

Tatizo la sifa ni kwamba hazikai mahali ulipoziweka. Mwaka huu, baada ya mchimbaji mmoja mlevi kuangusha gogo la kuzuia kuta na nusura limwue mwenzake, mwenye duara mmoja aitwaye Boaz alikuja bandani mchana. Alikuwa mtu mzima, mzito wa maneno, na aliagiza chai ambayo hakuinywa.

"Mama Loveness, nina watu kumi na wanne," alisema. "Mimi nikiwauliza wananidanganya, maana mimi ndiye bosi. Nataka kuanzia Jumatatu uwe unapita pale asubuhi kabla hawajashuka. Ukisema mtu ni mzima, mimi namshusha. Ukisema hapana, anarudi nyumbani, na sina ubishi."

"Neno langu tu?" Asteria akauliza.

"Neno lako tu. Kwani nani asiyeijua pua yako?"

Kukataa kulihitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Akajisikia anasema ndiyo. Boaz alipoondoka, Loveness aliendelea kukwangua sufuria kwa nguvu isiyo ya lazima.

"Mama, uwanjani ukikosea timu inafungwa goli," alisema bila kugeuka. "Kule ukikosea?"

"Macho yao nayajua, Loveness."

"Sawa, mama."

Ilikuwa ile sawa ambayo mtoto mwenye adabu humpa mzazi anayekosea. Asteria aliisikia ilivyo na akajifanya hakuisikia.

Jumapili baada ya ibada alipita kwa jirani yake Mwamvua, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke ambaye kumwambia jambo ni sawa na kulitangaza kwenye spika ya msikiti. Mwamvua alikuwa na la kuchekesha. Kwenye mnada wa wiki, alisema, kuna kijana anauza mizizi. Ana ya tumbo, ana ya mapenzi, na sasa ana mpya iliyompatia wateja kuliko zote: dawa ya kuziba pua ya Mama Pua.

"Unatafuna kipande asubuhi, unaweka kingine chini ya ulimi," Mwamvua akaeleza huku akicheka mpaka akashika mbavu. "Basi hata ukinywa ndoo nzima, Komeo hanusi kitu. Na inafanya kazi, dada yangu. Mpwa wangu Herman kapita mechi tatu. Mechi tatu! Nikamwambia, shetani wewe, ipo siku utakamatwa. Anasema hakamatwi, dawa ni ya kweli."

Asteria alicheka naye kidogo, akaaga, akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya banda lake. Mtu angempita angedhani anapunga upepo. Alimkumbuka Herman katika mechi zile tatu, alivyopumua mbele yake bila wasiwasi, macho yametulia, akitabasamu. Alimpitisha mara zote. Na kwa nini macho yasitulie? Mwenye dawa haogopi. Mwaka mzima yeye alikuwa anadaka hofu, na sasa dawa ya hofu hiyo ilikuwa inauzwa mnadani. Wangapi wamepita hivyo? Hakuwa na njia ya kujua. Alijiona mwongo aliyekutana na waongo wenzake, kila upande ukiamini umemzidi mwingine akili. Njia ya mwongo ni fupi, mama yake alikuwa akisema. Hii imemfikisha kwenye mdomo wa shimo, na kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Loveness alipomkuta pale, Asteria alimwambia yote. Binti akatafuta pa kumfichia mama yake aibu.

"Basi sema umerogwa," alisema. "Sema yule muuza mizizi ndiye aliyekuchukulia pua. Watu wataamini leo leo. Nusu wameshaamini. Na jina lako litabaki."

Ni kweli wangeamini. Asteria aliliona jambo lenyewe likimwendea yule kijana wa mizizi, watu wakimfuata na fimbo, kwa kosa ambalo lilikuwa la mafua.

"Huyo ni tapeli, si mchawi," alisema. "Nitakwenda mapema nimwambie Boaz pembeni. Nitamwomba radhi, nirudi kuuza chai."

Saa kumi na mbili asubuhi hapakuwa na pembeni. Boaz alikuwa ameshawapanga watu wake kumi na wanne kwenye mstari kando ya duara, kofia ngumu kichwani, tochi kwenye paji la uso, na kamba ya winchi inaning'inia juu ya shimo.

"Mwangaluka, mayu," Boaz akamwamkia kwa Kisukuma, kwa heshima ya siku yenyewe. "Tunakusubiri wewe."

"Mwangaluka," Asteria akajibu. Wote walikuwa wanamtazama. Akajikuta anafanya anachokijua. Alimsogelea wa kwanza, akasema, "Pumua, baba," akamtazama macho. Wa pili. Wa tatu alikuwa Herman, ambaye alitabasamu. Asteria akapita bila kusema kitu na akajichukia kwa kupita. Wa sita ndiye aliyekuwa amefungwa mkanda wa kushuka kwanza, naye alikuwa Benedict.

"Shikamoo, mama," Benedict akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pumua."

Alipumua. Macho yake yalikuwa meupe na yametulia. Ni macho ya mtu msafi, au ni macho ya mtu mwenye kipande cha mzizi chini ya ulimi. Asteria aliyatazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuyatazama macho ya mpiga penalti yeyote, na hakuona kitu. Nyuma ya bega la kijana kulikuwa na kamba, na chini ya kamba kulikuwa na giza. Akaondoka mbele ya Benedict, akasimama mahali ambapo wote wangemsikia.

"Mimi sinusi," alisema.

Boaz akadhani hajasikia vizuri. "Unasemaje, mama?"

"Pua yangu haifanyi kazi. Iliondoka na mafua mwaka jana, nikaenda mpaka Kolandoto, haijarudi. Msimu mzima nimewapitisha kwa macho tu, nikawadanganya kwamba ninanusa." Akaugeukia mstari. "Nasikia kuna dawa mnatafuna. Haijaniziba mimi kitu. Aliyetafuna akapita, hakupitishwa na dawa, alipitishwa na uongo wangu. Mdogo wangu nilimnusa nikanyamaza, akafa. Leo sinusi, kwa hiyo sina budi kusema. Sijui nani kati yenu ni mzima. Sijui kabisa."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona yuko peke yake. Herman aliacha kutabasamu. Boaz alikunja uso, na kila mtu aliona hasira ikimpanda kidogo kidogo, kama inavyowapanda watu wazito.

"Kwa hiyo Kombe la Pumzi lote lile ni mchezo wa kuigiza?" aliuliza. "Na mimi nimekuleta hapa uwashushe watu wangu kwa kubahatisha?"

"Ndiyo," Asteria akasema. "Nisamehe, baba."

Aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Kombe limekufa, aliwaza, na nimeliua mimi. Alikuwa anageuka kuondoka aliposikia sauti ya chuma cha mkanda kikifunguliwa.

Benedict alikuwa amejivua mkanda wa kushuka. Aliingiza kidole mdomoni, akatoa kitu chini ya ulimi, akakitupa kwenye kifusi. Kisha akatoka kwenye mstari, akaenda kukaa juu ya mifuko ya mawe, tochi bado inawaka kichwani ingawa kulikuwa kumeshapambazuka.

"Wewe vipi?" Boaz akamwuliza.

"Leo sishuki, bosi."

"Kwa nini?"

"Nilikunywa mpaka saa tisa usiku." Benedict aliangalia mikono yake. "Nilikuwa najua mama akinipitisha basi mimi ni mzima. Hata na mzizi mdomoni, kila akinipitisha nilikuwa naamini kweli mimi ni mzima. Ningeshuka."

Asteria alikwenda akakaa kwenye mifuko ile ile, kando ya kijana wake msafi kuliko wote, na akalia bila kujificha, kwa hasira, kwa aibu, na kwa furaha kubwa iliyozidi vyote viwili, kwamba mtu huyu amekaa hapa juu. Benedict hakujua afanye nini na mwanamke mzima anayelia. Alimpa kofia yake aishike.

Herman naye alitoka kwenye mstari, taratibu, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Kisha akatoka mmoja ambaye hata Mwamvua hakuwahi kumtaja. Boaz alihesabu waliobaki, akawaamuru wafunge mkanda, winchi ikaanza kuzunguka. Watu kumi na mmoja walishuka asubuhi hiyo, na jioni kumi na mmoja walipanda.

Kabla Asteria hajaondoka, Boaz alimsogelea. Hasira ilikuwa haijamwisha, lakini alikuwa mtu wa kazi.

"Kesho uje," alisema.

"Nije kufanya nini, na pua sina?"

"Uje uwaulize."

Asteria alimtazama kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anadhihaki.

Kesho yake alifika saa ile ile. Mwasenda nzima ilikuwa imeshazijua habari, shukrani kwa Mwamvua, na njiani bodaboda wawili walimwita Mama Pua kwa kicheko kipya. Aliwaitikia. Kwenye duara, wa kwanza kwenye mstari alikuwa Benedict, mkanda umeshafungwa. Asteria hakumwinamia, na hakumwambia apumue.

"Umekunywa?" alimwuliza.

"Hapana, mama. Tangu juzi usiku."

Alikuwa na jibu hilo tu, hapakuwa na kingine cha kupimia. Akaamua kumwamini, akasogea pembeni, na Benedict akashika kamba.